Je, wajua? Ulanzi haukai ndani ya mwanzi

Kwa miaka mingi niliamini, na nikawaeleza wenzangu wa Tanga bila hata kusita, kwamba ulanzi, ile pombe ya mwanzi ya Iringa, hupatikana kwa kutoboa mwanzi uliokomaa na kukinga kinachotoka. Hoja yangu ilikuwa hivi: mwanzi una uwazi ndani, kila pingili imezibwa juu na chini, basi kila pingili ni chupa, na pombe imo humo kama maji yalivyo ndani ya dafu. Hata chombo cha kugemea, mbeta, ni kipande cha mwanzi. Ushahidi gani tena?

Aliyenisahihisha ni mama mmoja kilabuni huko Kilolo, mkoani Iringa, jioni ya Februari yenye mvua. Nilimsalimu "kamwene" kwa lafudhi ya pwani, akaitika, akanimiminia. Nikamuuliza ukiupasua mwanzi mmoja unapata lita ngapi. Alicheka mpaka akaweka jagi chini.

"Mwanangu, ukiupasua utapata kuni."

Kosa langu lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Kwanza, mwanzi unaotoa ulanzi, ambao wenyeji huuita mlanzi na wataalamu wa mimea Oxytenanthera abyssinica, ni miongoni mwa mianzi yenye kuta nene. Uwazi wake ni mwembamba, na mashina mengine yamejaa kabisa. Yaani hata kama pombe ingekaa ndani ya pingili, nilichagua mwanzi wenye nafasi ndogo kuliko mingi. Pili, shina lililokomaa haligemwi. Kinachogemwa ni chipukizi, kile kichomozi laini kinachotoka ardhini mvua zinapoanza. Tatu, na hili ndilo lililoniumiza, mimi ni mtu wa pwani. Nimekua nikiona wagema wakipanda minazi kukata karara kabla halijachanua. Kanuni ni ileile: unakata kiungo kinachokua, unakinga chakula kilichokuwa njiani kukifikia. Jibu nilikuwa nalo nyumbani tangu utotoni.

Wapo pia wanaodhani ulanzi hupikwa. Nadhani wanauchanganya na pombe za nafaka, kama kimpumu ya Wanyakyusa kule Tukuyu, ambayo huanzia kwenye ulezi uliooteshwa na kusagwa, kisha hunyonywa kwa mrija. Huko kuna kazi ya jiko. Kwenye ulanzi hakuna jiko.

Sasa, kioevu hicho kinatoka wapi? Chipukizi la mwanzi ni kiumbe cha ajabu kidogo. Hurefuka hadi kimo chake chote ndani ya msimu mmoja, na hufanya hivyo kabla ya kuwa na majani ya kujilisha. Mfikirie mtoto wa bweni. Hana kipato, ila anakula, anavaa na anarefuka kila likizo, kwa sababu kaka na dada zake wakubwa wanamtumia pesa. Wakubwa hao ni mashina ya miaka iliyopita yaliyo kwenye kichaka hichohicho. Majani yao hutengeneza sukari, sukari huhifadhiwa, na mvua ikinyesha husafirishwa pamoja na maji kupitia mashina ya chini ya ardhi hadi kwa mdogo wao.

Mgema hukata ncha ya chipukizi na kufungia mbeta penye jeraha. Ni sawa na mtu aliyesimama kwenye geti la shule akipokea pesa za mtoto. Nyumbani hawana habari. Wanaendelea kutuma.

Lakini mmea nao una njia ya kujiziba, kama kidonda kinavyofanya gaga. Ndiyo maana mgema hurudi asubuhi na jioni kukata kipande chembamba upya. Akiacha, njia hufunga. Akikata kipande kinene kila mara, chipukizi litaisha mapema naye abaki na kisiki. Chipukizi lililogemwa halitakuwa mti wa kujengea, hilo ni kweli, ila kichaka hakifi kwa sababu hiyo, ilimradi mashina makubwa yaachwe na majani yao. Anayegema machipukizi yote kila mwaka na kukata wakubwa kwa ajili ya fito anafukuza walipa ada.

Kinachodondoka ni maji ya sukari. Hayakai hivyo muda mrefu, kwa kuwa chachu imo hewani, kwenye jeraha na hasa ndani ya mbeta iliyotumika jana. Chachu hula sukari na kuacha kilevi na hewa ukaa. Bakteria nao huongeza uchachu. Kwa hiyo ulanzi mtamu, unaoitwa togwa, na ule mkali, mkangafu, ni kinywaji kimoja katika saa tofauti. Kilevi cha ulanzi uliochacha hutajwa kuwa karibu asilimia 5, sawa na bia ya kawaida, ingawa takwimu hiyo ichukuliwe kwa tahadhari: joto, usafi wa chombo na saa ulizochelewa kufika kilabuni hubadilisha kila kitu.

Joto hasa. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake huipunguza chachu kasi. Mimi nilijifunza hili kwa njia ya begi. Nilinunua lita moja ya togwa asubuhi kupeleka Tanga, nikakaza kifuniko kwa nguvu zote ili isimwagike. Mama aliyeniuzia alikuwa amekilegeza, nikadhani ni uzembe. Basi likashuka mlima Kitonga, tukaingia joto la Ruaha Mbuyuni, chachu ikachangamka, hewa ukaa ikakosa pa kutokea. Mlio ulikuwa kama wa tairi.

Mzee wa kiti cha nyuma alinusa, akainama kuangalia begi langu linalochuruzika, akauliza kwa heshima kama ule ni mkangafu. Nikamjibu kwamba tulipotoka Iringa ulikuwa togwa.