Kamera Mashuani: Video ya Familia Inapobeba Sura za Wengine

Msimu wa kaskazi ukiingia, familia nyingi kutoka bara huteremka Pwani kwa likizo ya Desemba, na siku moja ya likizo hiyo hutengewa bahari. Hukodi mashua Shimoni, Kilifi au Watamu, wakatoka alfajiri kuwinda nguru na kolekole, na mmoja wao amejifunga kifuani kamera ndogo, zile ambazo wengi huziita GoPro hata zikiwa za kampuni nyingine. Starehe hiyo hatuna neno nayo. Neno tunalo na kinachofuata jioni, video inapopandishwa YouTube au TikTok ikiwa na sura na sauti za watu ambao hawakuulizwa chochote.

Wanaolalamika kwa Kamishna wa Data, afisa wa umma anayesimamia sheria ya kulinda taarifa za watu, ni baharia aliyesikika kwenye video akizungumza na mkewe kwa simu kuhusu deni, au mzazi aliyemruhusu mwanawe aandamane na familia ya jirani, kisha akamwona mtandaoni akiwa na nguo ya kuogelea, wageni wasiojulikana wakitoa maoni juu ya mwili wake. Naamini wengi waliopandisha video hizo hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuonyesha samaki.

Utetezi, hata hivyo, huwa ni ule ule: bahari haina mwenyewe, ni mahali pa umma, kila mtu ana haki ya kupiga picha. Hoja hii tumeijibu mara nyingi mno. Haki ya faragha iko katika Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haianzi kwa kuuliza ulisimama wapi. Huuliza kama mtu anaweza kutambulika. Sura inamtambulisha, na sauti pia. Hata jina la mashua lililopakwa ubavuni, likionekana pamoja na bandari mlikotoka, linatosha kumfikia nahodha wake. Utetezi wa pili, kwamba mashua uliilipia wewe, ni dhaifu zaidi. Ulilipia safari.

Kuna msamaha wa kweli, na ni muhimu ueleweke. Kifungu cha 51 kinaondoa katika masharti ya sheria hii matumizi ya data yaliyo ya mtu binafsi au ya nyumbani tu. Ukimrekodi mwanao akivuta changu wake wa kwanza, ukamtumia nyanya yake kwa WhatsApp, hakuna ofisi itakayokufuata. Uzito uko kwenye neno "tu". Video ikiwekwa wazi kwa yeyote aitazame, tena kwenye chaneli yenye matangazo ya biashara, inakuwa vigumu kusema bado ni jambo la nyumbani. Kila lalamiko hupimwa kwa ushahidi wake, wala simtangulizii mtu uamuzi.

Kamera hizi zina hatari ambayo simu haina. Mtu akikuinulia simu, unajua unapigwa picha. Kamera iliyofungwa kifuani au kubandikwa ukingoni mwa mashua husahaulika, hata na mwenyewe. Lenzi yake ni pana kiasi kwamba anayeilenga fimbo ya kuvulia humnasa pia baharia aliyeshika usukani, kijana anayekata chambo, na ngalawa inayopita karibu. Kisha kuna kungoja. Anayejua uvuvi anajua kwamba samaki huja kwa dakika chache, na saa zinazobaki ni za mazungumzo. Watu husimulia ugonjwa, ugomvi wa ndoa, mambo ya kazini. Mhariri wa nyumbani hukata picha akitafuta samaki, lakini ni wachache wanaorudia kusikiliza sauti yote kabla ya kupandisha. Sikilizeni sauti. Ningeweza kuandika makala nzima kuhusu hilo peke yake.

Ridhaa iombwe ufuoni, kabla nanga haijang'olewa. Baharia aliye maili kadhaa baharini, ambaye ujira wake bado uko mfukoni mwako, hayuko katika hali ya kukataa. Sheria inataka ridhaa iwe ya hiari, ya wazi, ya jambo mahususi, na itolewe na mtu aliyeelezwa. Kwa hiyo "tunachukua video kidogo" haitoshi. Mwambie itawekwa wapi, na kama chaneli inaingiza pesa. Chini ya kifungu cha 32, mzigo wa kuthibitisha ridhaa ni wako wewe uliyerekodi. Njia rahisi ni kuiacha kamera yenyewe imrekodi akiulizwa na akijibu, kwa Kiswahili anachokielewa, na ukaihifadhi sehemu hiyo. Anaweza kuiondoa ridhaa wakati wowote. Akiiondoa, usibishane naye kwamba alikubali wiki jana.

Kwa watoto, kifungu cha 33 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na matumizi yenyewe yalinde maslahi ya mtoto. Mjomba aliyeandamana naye, ikiwa si mlezi wake, hana mamlaka hayo. Tunaambiwa mtoto mwenyewe alifurahi na alipunga mkono. Furaha ya mtoto wa miaka minane si ridhaa kisheria, na inasikitisha kwamba watu wazima bado wanaileta kama hoja. Hata kwa mwanao wa kumzaa, mpunguze kwenye picha za kuogelea.

Sasa utaratibu. Mtu akikuomba ufute sehemu inayomhusu, Kanuni za 2021 zilizotungwa chini ya sheria hii zinakupa siku 14 kujibu. Ukikaa kimya, anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data. Ukijulishwa lalamiko, una siku 21 za kutoa maelezo na ushahidi wako. Uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90, na asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Barua ya kujulishwa si hukumu, kwa hiyo ijibu. Kumzuia Kamishna kazi yake, au kumpa habari za uongo kwa kujua, ni kosa la kifungu cha 61: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Faini ya kiutawala nayo inaweza kufika shilingi milioni 5, au kwa kampuni, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo.

Anayedhani hivi ni vitisho vya karatasi akumbuke Septemba 2023. Roma School ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Mteja huyo naye alikuwa mahali panapoingiwa na watu.

Wenye mashua wanaowarekodi wageni na kutumia video hizo kutafuta wateja wengine wako katika hali nzito zaidi, maana hayo ni matumizi ya kibiashara, na kifungu cha 37 kinahitaji ridhaa ya mgeni mwenyewe. Kuna wanaotuambia mapato yao ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na wafanyakazi hawafiki 10, kwa hiyo hawahusiki. Huenda baadhi yao kweli hawalazimiki kujisajili kwa Kamishna. Kusamehewa usajili si kusamehewa sheria.

Jambo moja lililo nje ya dawati langu: katika Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Kisite uvuvi hauruhusiwi kabisa, tofauti na Mpunguti jirani yake ambako uvuvi wa kienyeji unakubaliwa. Muulizeni nahodha mko wapi kabla ya kutupa mshipi. Video yenu itakuwa na tarehe na mandhari.

Kwa video zilizokwisha kupandishwa, anzeni na zile zenye watoto wa watu wengine. YouTube ina kifaa cha kufifisha nyuso ndani ya sehemu yake ya uhariri, na kwa video nyingi hakuna haja ya kufuta kitu kizima. Sauti isiyoweza kuondolewa, fungeni video hiyo isionekane na umma mpaka mhusika aulizwe.

Na kwa baharia au mzazi aliyejiona humo bila kuulizwa: lalamiko linaweza kutolewa kwa mdomo. Kifungu cha 56 kinamtaka Kamishna ahakikishe limeandikwa, hivyo kutojua kuandika hakukuzuii, wala huhitaji kwanza kutafuta wakili. Njoo kwa Kamishna na anwani ya video hiyo au picha ya kioo cha simu ikionyesha tarehe, kabla haijaondolewa.