Hofu ya feri: maswali tunayoulizwa kliniki

Saikolojia ni nini?
Ni elimu ya akili na mwenendo wa mtu. Kupiga ramli si saikolojia, wala saikolojia si ya wenye wazimu tu.

Mbona wataalamu hawasemi kitu kimoja?
Kila mmoja ana pembe yake. Chukua mtu wa Likoni, Mombasa, aliyeshikwa na hofu ghafla ndani ya feri: moyo mbio, jasho, pumzi haishuki, akaona anakufa. (Mara ya kwanza moyo upimwe, tafadhali.) Wanaofuata mkondo wa mwili watazungumzia ubongo na adrenalini, homoni ya mshtuko. Wafuasi wa Freud, mwasisi wa uchambuzi wa nafsi, watachimba ya utotoni. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alitaka mtu kwanza asikilizwe bila kuhukumiwa. Aaron Beck, aliyeanzisha tiba ya fikra Marekani miaka ya 1960, angeuliza: moyo ulipokwenda mbio, ulijiambia nini? "Nakufa." Basi fikra hiyo ndiyo iliyozidisha mbio.

Na wanaofuata mkondo wa tabia?
Hao ndio wanaoeleza ninayoyaona kila wiki. Mbwa wa Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, walitokwa mate kwa mlio tu, kwa kuwa ulizoea kuja na chakula. Mgonjwa wetu naye, harufu ya dizeli pale kivukoni yamtosha kutetemeka. Akikwepa feri anapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomfunza kukwepa tena. Anaanza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu isiyopita kivukoni, kisha matatu hapandi, mwisho chumbani hatoki.

Si jini la bahari? Tumalize kombe kwanza, yale maji ya aya za Kurani?
Hapana. Kombe anywe, dua asomewe, sikatazi. Kliniki aje wiki hiyohiyo.

Tusingoje hata siku arubaini tu?
Hata saba msingoje. Mkimficha ndani, hofu inakomaa, nasi tunaletewa mtu aliyekwisha kupoteza kazi.

Akisikia sauti zisizokuwepo, hapati usingizi, au akisema anataka kufa?
Leo. Si baada ya kisomo, si mjomba akirudi safari. Msimwache peke yake, wala msimfunge kamba, nawaomba sana! Mpelekeni hospitali iliyo karibu.

Huyo wa feri mtamtibu vipi?
Kwa mazungumzo, na hatua ndogondogo. Atasimama kivukoni hadi hofu ishuke yenyewe, siku nyingine aingie feri akiwa na mwenzake, halafu avuke peke yake. Wengine huongezewa dawa. Nanyi nyumbani acheni kumwambia "jikaze".