"Modula" siyo udogo, jamani

Juzi tena. Kaka mmoja ananiuzia kompyuta ya mezani, kaboksi kanakoenea kiganjani, anasema "hii ni modula kabisa bro, unatupia kwenye begi unaondoka." Nikamuuliza modula kivipi, akainyanyua kwa mkono mmoja nione ilivyo nyepesi. Nikacheka nikaondoka zangu, ila kwa mwaka huu nimeshapoteza hesabu.

Haya, maana kwa haraka. Kitu cha modula kimejengwa kwa vipande vinavyojitegemea, unachomoa kimoja unaweka kingine bila kugusa vilivyobaki, na inawezekana kwa sababu wote wanaotengeneza hivyo vipande walikubaliana kipimo kabla. Basi. Udogo haumo humo, mashine inaweza kuwa kubwa kama friji na ikawa modula.

Sasa neno lenyewe. Kilatini modus ni kipimo, modulus ni kipimo kidogo (labda ndo udogo ulipopenyea, sijui). Vitruvius, yule mjenzi wa Kirumi, alichukua unene wa nguzo akaufanya modulus, ukishaujua huo unapata urefu wa nguzo na nafasi kati ya nguzo na nguzo, jengo zima linatoka hapo. Na wala usiende mbali hadi Roma, ingia nyumba ya mawe ya zamani Lamu au Zanzibar uangalie dari. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa nini, kwa sababu upana unafuata boriti ya mkoko ambayo ni kama mita 2.5 hadi 3 hivi, na boriti ikioza unaleta nyingine iliyokatwa na mtu asiyemjua mwenye nyumba wala fundi aliyeijenga, inapanda juu inakaa. Hiyo ndo modula, na hakuna aliyeibandika jina.

Kwenye kompyuta boriti zetu ni vipimo kama ATX (kipimo cha mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vipande vyote, na kasha lake), Intel walikitoa 1995, halafu 2001 VIA wa Taiwan wakaleta Mini-ITX, mazabodi ya sentimita 17 kwa 17, na matundu yake manne ya skrubu yanaangukia palepale yalipo ya ATX, kwa hiyo bodi ndogo inakaa hata kwenye kasha kubwa. Au ile SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) ya M.2 unayoambiwa ni "2280", watu wanadhani ni modeli, kumbe ni milimita 22 upana na 80 urefu. Kipimo, tena kimeandikwa kwenye jina!

Kinachoniudhi zaidi ni kuchanganya modula na kufunguka. Vile vimashine vya ofisini vya lita moja vinavyokuja used (ndiyo, ukubwa wa kasha hupimwa kwa lita kama mafuta ya kula) vinafunguka vizuri tu, rami (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) unabadilisha, SSD unabadilisha, sikatai. Ila bodi ikifa unatafuta bodi ileile ya kampuni ileile kwa kasha lilelile, ukikosa kasha linageuka kopo. Rami yake ni modula, mashine yenyewe hapana.

Halafu kuna swali la kipimo ni cha nani. Intel mwaka 2020 walitoa NUC 9 Extreme (NUC ni vikompyuta vyao vidogo), ya lita 5 hivi, prosesa (ubongo wa kompyuta) na rami na SSD vyote vimekaa kwenye kadi moja unaichomeka kama kaseti ya gemu, pembeni unaweka kadi fupi ya grafiksi (ile inayochora picha za gemu). Wazo tamu sana kwa mtu wa kazi na gemu. Lakini ile kadi ilikuwa kipimo cha Intel mwenyewe, na 2023 Intel wakajitoa kwenye biashara ya NUC wakawaachia ASUS. Boriti za msitu wa mtu mmoja, akifunga msitu wake ndo basi.

Ndo maana Framework Desktop ya 2025, ya Framework, kampuni inayojulikana kwa kompyuta za kubadilisha vipande, inanichanganya na kunifurahisha kwa pamoja. Lita 4.5, yaani ndogo kuliko dumu la lita tano, ndani kuna prosesa ya AMD Ryzen AI Max ya hadi kori 16, grafiksi yake ya ndani inacheza gemu nzito, na rami hadi GB 128. Ila hiyo rami imechomewa kwenye bodi! Watu wakapiga kelele, kampuni ya modula inachomea rami? Sababu ni kwamba grafiksi inakula rami hiyohiyo na inaitaka kwa kasi ya GB 256 kwa sekunde, na wenyewe walisema walijaribu na AMD kuifanya ichomoke, mawimbi ya umeme hayakutulia kwa kasi hiyo. Kwa hiyo ukinunua ya GB 32 umeoa hiyo. Lakini bodi ni Mini-ITX ya kawaida, paua saplai (kile kifaa cha kuipa umeme) ni FlexATX ya kawaida, SSD ni hizo 2280, kesho unaing'oa bodi yote unaiweka kwenye kasha la mtu mwingine kabisa na inawaka. Kwa hesabu yangu, ni modula kwa nje ya bodi, juu ya bodi siyo, na hakuna ubaya kusema hivyohivyo nusunusu.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema modula usimbishie, muulize tu bodi ya hii itakaa kwenye kasha la kampuni nyingine? Na yule kaka wa juzi kama unasoma, mashine yako nzuri na bei siyo mbaya, andika tu "ndogo, nyepesi, inabebeka," mimi narudi Jumamosi tuongee.