Padri Bernhard Lichtenberg: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Habari za mapadri walioteswa na Wanazi huwa na sura moja: padri kaficha Wayahudi darini, majasusi wakamfuma, akapelekwa Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi, akauawa. Bernhard Lichtenberg, mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Hedwig mjini Berlin, naye huingizwa humo humo, wakati karibu kila kipande cha simulizi hiyo hakimhusu.

“Alinaswa kwa mambo ya siri.” Kilichomfunga kilisikika kanisa zima. Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa moto, alisali hadharani akisema kwamba sinagogi linaloungua huko nje nalo ni nyumba ya Mungu. Tangu hapo, kwenye sala ya jioni, aliwaombea kwa sauti Wayahudi na wafungwa wa kambini. Akaendelea hivyo karibu miaka mitatu. Agosti 1941 wanafunzi wawili wa kike waliingia kanisani, wakamsikia, wakaenda kumshtaki. Hawakuwa majasusi, ni raia tu, na hilo ndilo linalotisha zaidi.

Alikamatwa tarehe 23 Oktoba. Nyumba ilipopekuliwa likapatikana tangazo aliloandaa kuwasomea waamini. Mjini kilikuwa kinagawiwa kikaratasi kinachodai kwamba Mjerumani anayemtendea Myahudi wema anasaliti taifa. Yeye alijibu kwa amri ya Kristo: mpende jirani yako kama nafsi yako.

“Alitetea Wayahudi peke yao.” Mwaka huo huo alimwandikia Leonardo Conti, mganga mkuu wa serikali, kupinga mauaji ya wagonjwa wa akili. Barua aliitia saini yake mwenyewe.

“Mkataba wa 1933 kati ya Vatikani na Ujerumani uliwakinga mapadri.” Kwenye karatasi, labda. Yeye alihukumiwa miaka miwili, Mei 1942, kwa kosa la kutumia vibaya mimbari, kifungu kilichokuwapo tangu enzi za Bismarck, kansela wa Ujerumani wa karne ya 19, pamoja na sheria ya Wanazi dhidi ya wanaoisema vibaya serikali.

“Aliuawa Dachau.” Hakufika. Akiwa bado gerezani, Askofu wa Berlin, Konrad von Preysing, alimletea ujumbe wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi: ataachwa huru akikubali kutohubiri hadi vita viishe. Alikataa, akaomba badala yake awasindikize Wayahudi waliokuwa wakihamishiwa kwa nguvu Łódź, mji wa Poland iliyokaliwa na Wajerumani. Kifungo kilipoisha Oktoba 1943, Gestapo wakamchukua tena, safari hii kumpeleka kambini. Moyo na figo vilikuwa vimechoka. Njiani akazidiwa, akalazwa hospitali mjini Hof, akafariki tarehe 5 Novemba akiwa na miaka 67.

Wengine humwita Mtakatifu. Bado ni Mwenye Heri, hatua iliyo chini ya utakatifu: Papa Yohane Paulo II alimtangaza hivyo kama mfiadini, yaani aliyekufa kwa ajili ya imani, Juni 1996, katika Uwanja wa Olimpiki wa Berlin, ule ule uliojengwa kwa michezo ya Hitler ya 1936. Mwaka 2004 Israeli nayo ikamwingiza katika orodha ya Yad Vashem, taasisi yake ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, ya Wenye Haki Miongoni mwa Mataifa, yaani wasio Wayahudi waliohatarisha maisha kwa ajili ya Wayahudi.