Donge kubwa la risasi halishiki kitu

Hii ni amplifaya ya tatu wiki hii, na maelezo ni yale yale: "Fundi, viungo vyote nimevijaza risasi, haviwezi kuachia. Labda TDA2030, ile chipu ya kukuza sauti niliyouziwa, ni feki." Naigeuza bodi, nakuta madonge kama mbaazi. Nasukuma mguu wa kapasita kwa njiti ya kiberiti, spika inakwaruza. TDA2030 ya watu haina kosa lolote.

Jamani, risasi ya kuunganishia vipuri si gundi. Haishiki kwa wingi, inashika kwa kulowesha shaba, na shaba ya baridi hailowani. Risasi ya 60/40 huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183. Ukiidondoshea mguu ambao haujapata moto, itakaa juu yake kama maji juu ya jani la mgimbi. Wengi hufanya hivyo hasa: wanachota risasi kwa ncha ya chuma cha kuyeyushia risasi, kisha wanaibeba hadi kwenye bodi. Ule moshi unaouona njiani ndiyo flaksi yako, dawa ya kusafisha shaba iliyo ndani ya waya wa risasi, inakwenda zake, na bila flaksi utando ulio juu ya shaba hautoki.

Ncha iguse mguu na duara la shaba kwa pamoja. Hesabu moja, mbili. Waya wa risasi uupitishe upande wa pili, uguse kiungo, usiguse ncha. Kiungo kikiwa na joto kitaivuta chenyewe, utaiona ikitambaa. Ondoa risasi, halafu chuma, na usipulize! Kiungo kizuri kina mteremko uliobonyea kidogo, na umbo la mguu linaonekana. Ukiona tone la mviringo, nyonya risasi yote uanze upya. Kuongeza nyingine juu yake ni kuficha ugonjwa.

Ati chuma cha wati 15 hakiunguzi transista. Kwenye shaba pana ya ethi chuma hicho kitang'ang'ana nusu dakika, na muda wote huo joto linapanda mguuni. Chenye nguvu, ncha nyuzijoto 350, sekunde tatu, umemaliza.

Ncha nyeusi haipigwi tupa. Ngozi yake ya nje ikiisha, risasi inaila shaba ya ndani. Ifute kwa sponji mbichi, na uipake risasi kabla ya kuzima.

Flaksi ya mafundi bomba ibaki kwenye mabomba. Ina asidi, inatafuna bodi.

Kuna na hili la kupaka risasi ncha ya waya wa nyuzi kabla ya kuifunga kwa skrubu. Risasi ni laini, inabonyea taratibu chini ya skrubu, na baada ya miezi waya umelegea. Funga nyuzi zikiwa tupu, umezisokota.

Na anayekushauri ukate ethi ya plagi ili mngurumo wa spika uishe, usimwite tena nyumbani kwako. Transfoma ikivuja, boksi zima la chuma lina umeme. Mara nyingi mngurumo unatokana na ethi za ndani kuungana ovyo: zikutanishe mahali pamoja karibu na kapasita kubwa za pawa, sokota pamoja nyaya za transfoma, na waya wa kuingiza sauti uupitishe mbali nazo. Nikifungua plagi nikakuta waya wa kijani na njano umekatwa, naurudisha kabla sijagusa kitu kingine, na kazi hiyo naiandika kwenye bili.