Goita ni nini, na moyo unaingiaje hapo

Goita (wengine wanaita rovu) ni tezi ya thairoidi iliyovimba, ile tezi iliyokaa mbele ya shingo chini kidogo ya kikoromeo. Ukimeza kitu nayo inapanda na kushuka, ndo maana daktari anakupa maji unywe huku anakukodolea macho shingoni. Haihusiani na kurogwa.

Kazi ya hiyo tezi ni kutoa homoni zinazoamua mwili uende kwa spidi gani, joto, chakula kinavyotumika, mapigo ya moyo, vyote. Homoni yake kuu inaitwa T4 sababu ina atomi 4 za madini joto (ayodini), sasa yakikosekana kwenye chakula homoni inapungua, ubongo unashtuka, homoni nyingine iitwayo TSH inamwagwa kuilazimisha tezi ipige kazi zaidi, nayo inatanuka taratibu miaka na miaka mpaka watu wanaanza kuuliza una nini shingoni.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Najua mtu wa Kigoma atasema mbona sisi samaki kila siku, sawa, ila dagaa na migebuka ni wa maji baridi, madini joto yako kwa wingi kwa samaki wa baharini. Halafu kuna ugali wa muhogo, muhogo usiolowekwa na kukaushwa vizuri unaacha sumu ambayo mwilini inageuka kitu kinachozuia tezi isinyonye madini joto. Hata chumvi yetu ya Uvinza, mkoani Kigoma, ilivyo na sifa toka enzi za misafara, lazima ichanganywe madini joto kwanza, na ukiinunua ya kupimwa kwa kikopo imeshinda wazi juani, mengi yameshapotea.

Ukubwa wa uvimbe haukwambii homoni ziko ngapi, hapo ndo wengi wanapotea. Zikizidi moyo unakimbia hata umekaa, unakonda na unakula, mikono inatetemeka, na kwa wazee moyo unaweza kupiga ovyo ovyo, damu ikaganda humo ndani, bonge likapanda kichwani likaleta kiharusi. Zikipungua moyo unazubaa, baridi haikuishi, na uboho unatengeneza chembe nyekundu chache, kwahiyo mtu anakula vidonge vya kuongeza damu na damu haipandi, kumbe shida iko shingoni!

Theodor Kocher, daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyepata Nobel 1909, aliligundua hili la homoni kupungua kwa uchungu: wagonjwa aliowatoa tezi yote baadaye walidumaa na kupooza akili.

Kwahiyo ukiwa na goita omba kipimo cha TSH, ni damu tu inachukuliwa. Na usijinywee matone ya madini joto kienyeji, goita ya siku nyingi yenye vinundu ikiyapata ghafla inaweza kumwaga homoni kupita kiasi na moyo ukaanza mbio.