Je, wajua kwa nini kapasita ya gari la umeme huogopa joto?

Chana pakiti ya krispi uitazame ndani. Ule mng'ao wa fedha mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa juu ya plastiki ya polipropilini. Kapasita ya pangaboi, ile fundi anayoibadilisha feni ikianza kuzunguka kichovu, nayo ina utando wa jamii hiyo hiyo, umevingirishwa kama mkeka. Na kapasita kubwa inayokaa kati ya betri na inverta ya gari la umeme imeundwa vivyo hivyo, ila utando wake una unene wa mikroni 2 au 3 tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita).

Inverta hukatakata umeme wa betri maelfu ya mara kwa sekunde ili mota izunguke. Kapasita humeza na kutoa chaji ili voltiji isiyumbe.

Shida ni joto. Polipropilini huyeyuka karibu nyuzi 165, lakini hulegea mapema zaidi: kikomo chake cha kawaida ni nyuzi 105, na ikipita 85 hivi voltiji hupunguzwa. Joto huzipa chaji nguvu ya kupenya kwenye utando. Zikivuja, utando unapata moto. Ukipata moto, zinavuja zaidi, hadi utoboke. Ilhali swichi za inverta za silikoni kabidi, zilizo jirani yake, zinaweza kufanya kazi hata nyuzi 150. Kwa hiyo kapasita ndiyo inayodai kupozwa.

Si tungebadilisha plastiki tu? Hapa ndipo polipropilini inaponistaajabisha. Cheche ikitoboa utando, aluminiamu iliyouzunguka mtobo hugeuka mvuke papo hapo, na plastiki yenyewe, kwa kuwa ina hidrojeni nyingi, huishia zaidi kuwa gesi. Panabaki kiduara kisicho na metali, umeme hauna pa kupita, kazi inaendelea. Kila kovu la namna hiyo hupunguza uwezo kidogo. Ndiyo maana feni huchoka taratibu badala ya kufa ghafla.

Poliimidi, plastiki nyingine, huvumilia zaidi ya nyuzi 200 bila kulegea, lakini molekuli zake zimejaa pete za kaboni. Ikiungua huacha masizi, na masizi hupitisha umeme. Kidonda hakifungi. Tena pete hizo hizo hurahisishia chaji njia ya kuvuja kwenye joto kali.

Mwaka 2015 kundi la Qing Wang wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, lilichapisha katika jarida la Nature utafiti wa polima (aina ya plastiki) iliyochanganywa na vibamba vyembamba mno vya boroni nitridi, kitu kinachozuia umeme lakini husambaza joto. Ilifanya kazi hadi nyuzi 250. Ila minyororo ya polima ile imefungamanishwa, haiyeyuki tena, na polipropilini hutengenezwa kwa kuyeyushwa na kuvutwa pande mbili, kilomita kwa kilomita. Kiwanda cha utando wa kapasita kimejengwa kwa ajili ya plastiki inayokubali kuvutwa hivyo.